Matanga ya Mwana wa Bi Dundu

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitikia kwa pua. Mwanakombo, wewe mwenye kiazi mdomoni, kimeze kwanza. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na malisho, malisho yakawa na ng'ombe, ng'ombe wakawa na mavi. Nani huyo kacheka? Cheka umalize, maana huko mbele hakuna kicheko. Hadithi hii mimi siipendi, mmenilazimisha wenyewe. Basi kaeni vizuri, na mkono wa mtu nisiuone kwenye sufuria yangu.

Hapo kale, katika malisho ya Kitopeni, aliishi dundu. Dundu mnamjua: yule mdudu mweusi, mgongo unang'aa kama kiatu cha Idi, anayeviringisha mavi ya ng'ombe kinyumenyume, kichwa chini, miguu juu. Huyu aliitwa Bi Dundu. Hakuwa msichana tena. Yale meno ya kwenye paji la uso, anayochimbia, yalikuwa yamelika kwa kazi, yamebaki butu.

Ng'ombe akinya asubuhi, pwata! Bi Dundu huyoo. Anakata, anafinyanga, anapata donge. Anapanda juu ya donge, anazunguka kidogo kama mtu anayecheza ngoma, kumbe anatazama jua liko wapi asije akapotea njia. Kisha anashuka, anageuka, anasukuma. Biri, biri, biri. Jua likipanda, mavi hayapo, yamekwenda ardhini. Majani yanaota. Ng'ombe anakula majani, ananenepa, anaringa, anasema, "Malisho haya yananipenda." Na nani alikuwa akifagia hayo malisho? Hakuna aliyeuliza. Anayefagia uwanja haonekani mpaka siku asipofagia.

Sasa sikilizeni desturi ya kina dundu. Mwanamke akiwa na yai tumboni, hufinyanga donge moja bora kuliko yote. Mumewe humsaidia kusukuma mpaka penye udongo mzuri, wanachimba, kisha mume anaaga. Kaenda, hana habari tena. Wanaume wa kidundu desturi yao hiyo, na wengine wasio dundu nawajua, lakini si hadithi ya leo. Mke anabaki chini ya ardhi. Anatia yai ndani ya donge, analifunga, analipaka udongo. Yai linaanguliwa buu, jeupe, nono, halina macho, linakula nyumba yake kwa ndani. Mama halali. Analizunguka donge akilifuta ukungu, maana ukungu ukiingia mtoto anaoza. Anafuta, anafuta, mpaka mvua za mwaka zije, ardhi ilainike, mtoto atoboe atoke, mama na mwana waonane uso kwa uso. Ndiyo raha ya dundu hiyo. Wanaonana kidogo tu, kisha mama anakufa, kwani umri wake umeishia hapo.

Bi Dundu hakuwahi kuipata raha hiyo. Mtoto wa kwanza alimwozea kwa ukungu. Wa pili alikanyagwa na ng'ombe, yule yule aliyesema malisho yanampenda. Huyu wa sasa alikuwa wa mwisho. Yai jingine hakuwa nalo, na mwaka mwingine hakuwa nao.

Basi alikaa naye gizani. Aligonga donge kwa ukucha: tiku, tiku.

Ndani kukajibu: kri.

"Upo, mwanangu?"

Kri.

"Umeshiba?"

Kri.

Mazungumzo yao yote yalikuwa hayo, na yalimtosha.

Siku moja akasikia kishindo juu. Pakua, pakua, pakua! Kisha, kwachu! Kisha kimya. Bi Dundu akapanda kwa kitundu alichojiachia pembeni, akachungulia nje. Malisho yalikuwa yamechimbuka kila mahali. Juu ya bua la nyasi alikuwa jirani yake Nyenje, yule mdudu wa kelele, na siku hiyo hakuwa na kelele hata kidogo.

"Jirani, kuna nini?"

"Nyegere," akasema Nyenje. "Kaingia malishoni. Anapita na pua lake, fff, fff, anasema nasikia harufu ya buu. Akisikia anachimba, akichimba anakula."

"Na mtoto wa dada yangu kule kichuguuni?"

"Kaliwa."

"Na wa shoga yangu kule mkuyuni?"

"Kaliwa. Bi Dundu, usiniulize tena. Wameliwa wote. Kesho atakuwa huku kwetu."

Nyegere mnamjua? Mfupi, mnene, mgongo mweupe, makucha kama majembe. Nyuki wakimuuma anajikuna. Nyoka akimuuma analala kidogo, anaamka, anamla nyoka. Simba akimwona anasema, "Leo sina njaa." Huyo ndiye aliyekuwa anakuja.

Bi Dundu akafikiri. Kumhamisha mtoto? Donge ni zito, na likitoka juani litakauka na mtoto ndani. Kupigana? Na nani, na Nyegere? Akalia. Alilia mpaka Nyenje akatazama pembeni. Halafu akajifuta uso kwa mguu wa mbele, akasema, "Jirani, wewe kazi yako ni nini?"

"Kulia. Nazaliwa nalia, nakufa nalia."

"Basi nina msiba. Nataka unililie."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu," akasema Bi Dundu. "Na wewe ukilia vizuri, hatakufa."

Maana malishoni kule kulikuwa na mila, na mila zile wanyama wote walizishika, hata wale wasioshika kitu. Ya kwanza, aliyekula chakula cha matanga ni ndugu wa maiti. Ya pili, ndugu hafukui kaburi, ndugu hufukia. Na atakayevunja mila hizo, siku yake ya kufa haliliwi. Anatupwa tu, na jina lake halitajwi tena.

Nyegere hakuogopa simba. Hakuogopa nyoka. Hakuogopa nyuki. Aliogopa hilo moja, kufa asililiwe hata chozi. Kila mtu ana pake panapomuuma.

Asubuhi Bi Dundu akaenda mkuyuni. Chini palikuwa na kipande cha sega kilichodondoka, kimejaa asali. Akakifunga jani, akakifanya donge, akapanda juu, akatazama jua, akashuka, akasukuma. Biri, biri, biri. Sisimizi wakamwambia, "Bi Dundu, leo mavi yananukia vizuri!" Akazidi kusukuma. Alifika nyumbani, akaiacha asali mlangoni, akashuka kwa mwanawe.

Akalifuta donge lote. Akalifuta juu, akalifuta chini, akalifuta ubavuni. Akalipaka udongo mpya, mlaini, kila mahali. Kisha akagonga: tiku, tiku.

Kri.

"Mwanangu, leo utasikia watu wanalia. Usiogope, ni uongo. Kaa kimya, usijibu mtu. Mimi nitarudi jioni nikufute."

Kri.

Akapanda juu, akakaa chini mbele ya makao ya mwanawe, akajimwagia vumbi kichwani. Nyenje akavuta pumzi, akaanza:

"Nyeeeeee! Kaondoka! Nyeeeeee! Mwana wa Bi Dundu kaondoka!"

Weee! Nyenje akilia, nani hasikii? Wakaja swala. Wakaja kanga, maana kanga hawakosi penye watu. Akaja Kobe, alitoka mapema akafika wa mwisho. Akaja na Ng'ombe, anatafuna. Wakasema, "Makiwa, Bi Dundu."

"Tunayo," akajibu.

Halafu, fff, fff. Watu wakapisha njia. Nyegere huyo, tumbo mbele.

"Nasikia harufu ya buu," akasema.

"Bwana, hapa pana msiba," akasema Kobe.

"Nani kafa?"

"Mwanangu," akasema Bi Dundu. "Kafa kwa ukungu. Nilimfuta, nikamfuta, ukungu ukanishinda."

Na aliposema hivyo akamkumbuka yule wa kwanza, aliyekufa kweli kwa ukungu na wala hakuna aliyekuja kumpa pole. Akalia kilio ambacho hakukipanga. Kanga nao wakalia.

Nyegere akashusha pua ardhini. "Mbona harufu ni mbichi?"

"Kafa leo asubuhi, Bwana."

"Mbona harufu ni tamu?"

"Mtoto ni mtamu kwa mamake hata akifa."

"Hm," akasema Nyegere, akakunjua makucha. "Wacha nimwone huyo maiti."

Jamani! Bi Dundu roho ilimruka. Nyenje sauti ilikatika katikati. Lakini bibi wa watu akainama kwa adabu, akasema, "Utamwona, Bwana. Wewe ni mkubwa wetu, nani wa kukukataza? Ila mgeni wa msibani haachwi na njaa. Onja kwanza, kisha umwone."

Akalifungua jani. Asali ikang'aa.

Nyegere na asali! Hakuuliza, hakunawa, hakusema bismillahi. Chapu, chapu, chapu! Akala sega, akala nta, akalamba jani, akalamba vidole, akalamba na mchanga uliodondokewa. Akacheua. "Haya," akasema, "maiti yuko wapi nimtoe?"

Bi Dundu akauliza kwa sauti, watu wote wasikie: "Umekula, Bwana?"

"Nimekula."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Umekula cha nini?"

Nyegere akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama huku, swala wanamtazama. Akatazama huku, kanga wanamtazama. Ng'ombe akaacha kutafuna.

"Cha matanga," akasema Nyegere polepole.

"Basi wewe ni ndugu yetu," akasema Bi Dundu. "Ndugu afanye nini?"

"Afukie!" wakaitikia wote. "Ndugu hafukui, ndugu hufukia!"

Mmeona? Mdudu asiyejaa kiganja kamfunga Nyegere kwa kipande cha sega. Laiti hadithi ingeishia hapa, ningewapa viazi tukalale. Lakini nimewaambia mapema, hamkusikia.

Nyegere alishindwa, ila hakutaka aonekane kashindwa. Akaona, kama ni undugu, basi yeye awe ndugu kupita ndugu wote, apate kusifiwa. Akachota udongo kwa makucha yale, akamwaga. Akachota tena, akamwaga. Kisha akapanda juu ya kaburi na unene wake wote, akaanza kushindilia huku analia machozi ya asali. Pwa! Pwa! Pwa! "Mwana wetu, mwana wetu!" Pwa! Pwa! Udongo ukawa mgumu, ungeweza kutwangia nafaka juu yake. Mila Bi Dundu aliijua, ila uzito wa Nyegere hakuufikiria.

Akasimama, akahema, akaona kitu. "Bi Dundu, hapa pembeni pana kitundu. Cha nini?"

Kilikuwa kitundu chake, njia yake ya kurudia kwa mwanawe.

Watu wote wakamtazama. Akisema "kiache," ataulizwa, mfiwa anataka njia ya kwenda kwa maiti ya nini? Na Nyegere tayari pua lilianza tena, fff. Bi Dundu alikitazama kile kitundu. Alikumbuka kwamba alisema atarudi jioni.

"Si kitu, Bwana," akasema. "Kizibe."

Pwa! Pwa! Pwa! Nyegere akakiziba, akashindilia kwa kisigino. Watu wakasema, "Ahsante, ndugu, umefanya kazi." Wakatawanyika, na Nyegere akaenda zake anaringa. Tangu siku hiyo hakuchimba tena Kitopeni, maana ni kwao, ana kaburi pale.

Bi Dundu akabaki na Nyenje.

Akaanza kuchimba. Kwaru, kwaru. Yale meno butu hayakuingia. Akajaribu huku, kwaru, kwaru. Akajaribu kule. Akachimba mpaka jino moja likavunjika. Nyenje akasema, "Pumzika, jirani." Akasema, "Nani atamfuta? Jirani, nani atamfuta?"

Nyenje akashuka buani, akakaa karibu naye.

Ila Bi Dundu alikuwa bado anaweza kugonga. Akaweka kichwa juu ya udongo, akagonga: tiku, tiku.

Mbali huko chini, kri.

"Upo, mwanangu?"

Kri.

Basi akawa hatoki pale. Ng'ombe alikunya, pwata, jirani tu na hapo, na yeye hakwenda. Mavi ya jana yakakutana na ya leo. Madundu wengine hawakuwapo, wao na watoto wao walikwisha kuliwa. Nzi wakajaa. Majani yakafa chini ya mavi yaliyokauka, na Ng'ombe akawa analalamika, "Siku hizi malisho haya yamenichukia." Alikuwa akisema hayo huku kasimama karibu na Bi Dundu kabisa, kidogo amkanyage.

Mvua haikuja. Bi Dundu akagonga, tiku, tiku. Kri.

Mvua haikuja. Tiku, tiku. Kri, lakini ndogo.

Mvua haikuja. Tiku, tiku.

Kimya.

Akagonga tena. Kimya. Basi, buu likifika wakati wake wa kugeuka dundu, hunyamaza. Hulala ndani ya ngozi mpya, halili, halisemi, linajiumba upya. Bi Dundu alilijua hilo. Lakini mtoto aliyeingiwa na ukungu naye hunyamaza, na hilo alilijua vizuri zaidi. Angekuwa chini angelinusa donge akajua. Huku juu angejuaje?

Ndipo alipolia. Siku ya matanga alilia mbele ya watu, akapewa pole na kila mtu. Sasa alilia kweli, na hakuna aliyekuja, maana msiba ule ulikwisha pita, watu walikwisha kula na kuondoka. Nyenje peke yake alikaa naye. Akamwambia, "Jirani, amelala tu."

"Unajua?"

"Sijui. Nasema tu."

"Sema tena," akasema Bi Dundu.

"Amelala tu."

Akafa hivyo, kichwa juu ya udongo, ukucha umenyooka kama anayetaka kubisha hodi. Sisimizi wakaja, nao wana watoto wao, wakachukua vya ndani. Likabaki ganda jeusi, limekauka, liko wazi.

Ndipo mvua ikaja. Ndiyo, ndipo ikaja! Pa! Pa! Papapapa! Ikanyesha mpaka ardhi ikawa uji. Udongo wa Nyegere ukalainika. Chini huko donge likapasuka, kwaa! Kikasukuma kitu, kikasukuma, kikatokeza kichwa. Dundu kijana, mweusi, mzima, hana ukungu hata chembe, meno ya paji la uso makali mapya. Ule udongo mpya aliopakwa siku ya mwisho ulimkinga.

Akatoka akajigonga kwenye ganda. Matone ya mvua yalikuwa yanaliangukia: tiku, tiku. Tiku, tiku.

Kijana akasimama. Sauti ile aliijua, ila hakukumbuka ya wapi. Akajibu bila kufikiri: kri.

Tiku, tiku, likasema ganda.

Kri, akasema kijana. Akangoja.

Fff, fff. Nyegere huyo, kaja na mvua kuzuru kaburi lake. "Wewe kijana, unafanya nini hapa?"

"Nimetoka tu, Bwana. Hapa ni wapi?"

"Hapa pana kaburi. Kazikwa mtoto wa Bi Dundu, ukungu ulimuua. Mimi mwenyewe nilimfukia. Mimi ni ndugu yake."

Juu ya bua Nyenje alisikia yote. Akitaka kusema, atasemaje, Nyegere kasimama pale na makucha yake? Akisema neno moja, uongo wa Bi Dundu unafichuka na kijana analiwa papo hapo. Akanyamaza.

"Maskini mtoto wa watu," akasema kijana. "Hakuliona hata jua."

"Mlilie kidogo," akasema Nyegere. "Ndiyo heshima."

Kijana akainama, akamlilia yule mtoto aliyekufa. Alilia vizuri, alilelewa vizuri. Alipomaliza akaonyesha kwa mguu: "Na huyu je, Bwana?"

Nyegere akatazama. "Huyo si mtu. Ni ganda tu."

Kijana akalisukuma pembeni, taratibu, apate njia. Upepo ulikuwa umemletea harufu: ng'ombe kanya. Akakunjua mbawa, akaruka, vuuu, akaenda kazini. Kabla ya jua kupanda, mavi ya leo hayakuwepo. Majani yakaanza kuota, na Ng'ombe akasema, mnajua alisema nini.

Nyegere alipoondoka, Nyenje akafungua mdomo amwite kijana amwambie. Keshafika mbali. Ndipo akaanza kulia, na kilio kile hakina maneno, maana maneno alikuwa kayaficha muda mrefu mno, hayakutoka tena. Jua likishuka msikilizeni. Watu husema anapiga kelele.

Haya, funzo. Hadithi lazima iwe na funzo, ama sivyo mtasema bibi kazeeka. Funzo lake ni hili: watoto, msiseme uongo, uongo haujapata kumfaa mtu. Na la pili, ukienda msibani usile kabla hujamwona maiti. Mwanakombo, unalia nini? Si nimekwambia ni hadithi ya mavi?

Nimeiviringisha mpaka hapa, nimechoka. Aliyeipenda na aisukume mwenyewe, asiyeipenda na aizike. Viazi vimeiva. Na kesho mkikuta ganda la dundu njiani, lirukeni, msilikanyage. Au likanyageni. Ni ganda tu.